Tumejenga nyumba ya mama kwa paa la kuba: fahamu haya kabla hujamwita fundi

Naandika haya daftari la matumizi likiwa bado mezani, kwa sababu tangu nyumba ya mama ikamilike watu wanasimama barabarani kuuliza limesimamaje paa lisilo na kenchi, bati wala nondo. Wapo wanaotaka kujenga kama hilo msimu huu wa kusi. Nawaomba wasome kwanza, ndipo wamwite fundi, maana paa la kuba lina tabia moja ambayo paa la bati halina, na anayekuja kuifahamu baada ya kujenga huilipia.

Tabia yenyewe ni hii: kuba husukuma kuta kwenda nje. Kenchi na bati hukaa juu ya ukuta na kuukandamiza chini, basi. Kuba hukandamiza chini na papo hapo hutanua, usiku na mchana, miaka yote. Mtu aliyetanua miguu kwenye sakafu yenye utelezi anaelewa: kinachomwangusha si uzito wake, ni miguu kukimbilia kando. Karibu kila shilingi ya ziada tuliyotoa, na usiku mwingi niliokaa macho, vilitokana na jambo hilo moja.

Hadithi inaanzia Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita pwani yetu. Nyumba ya zamani ya mama iko Mitwero, pembeni ya mji wa Lindi, mahali ambapo chumvi ya bahari hula bati mpaka unaona nyota ukiwa kitandani. Upepo ule ulimalizia kazi ya kutu. Barabara ya Dar es Salaam ikakatika huko Somanga, na mabati tuliyokuwa tumeagiza yakakwama njiani. Mama akahamia kwangu, akawa anasema kila siku kwamba hataki tena bati: mvua ikinyesha husikii hata adhana, likiwaka jua hukai ndani, na baada ya miaka michache unanunua jingine.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na niliwahi kupeleka wanafunzi Kilwa Kisiwani. Nilikumbuka jinsi tulivyosimama ndani ya Msikiti Mkuu tukitazama juu. Sehemu yake ya kaskazini, iliyo kongwe zaidi, ilikuwa na paa bapa. Ukumbi mkubwa wa kusini uliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, na ukaezekwa kwa kuba za mawe ya matumbawe na chokaa. Hakuna chuma humo. Nikamwambia mama: kama wazee wetu waliweza, kwa nini sisi tusiweze?

Kwetu nyumba ya mama haijengwi mjomba hajasema. Nikaenda kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo hakuna mhandisi alikuwa ameniuliza: "Mwalimu, hilo paa la Kilwa halikuwahi kuanguka?"

Lilianguka. Ukumbi ule wa kusini uliporomoka, na ulijengwa upya karne ya 15. Nikamwambia ukweli. Akasema, "Basi usiende kutazama lililosimama. Nenda katazame walivyorekebisha."

Nilirudi Kilwa Masoko, nikachukua kibali, nikavuka kwa mashua. Safari hii sikutazama juu. Nguzo zinazobeba kuba za ukumbi huo leo ni zile za matengenezo ya karne ya 15: zina pande nane, zimejengwa kwa mawe na chokaa, na ni nene kweli. Nafasi kati ya nguzo na nguzo ni ndogo. Hatua chache kutoka hapo kuna Msikiti Mdogo wa Kuba, ambao paa lake limegawanywa sehemu tisa, nyingine zikiwa na kuba za duara na nyingine kuba ndefu, yaani tao lililoendelezwa mpaka likafunika urefu wote wa nafasi yake. Huo umehifadhika vizuri kuliko majengo mengi ya kisiwani. Nilichokiona pale ndicho kilichoamua ramani yetu. Wale mafundi hawakutafuta kufunika ukumbi mpana kwa kuba moja kubwa. Walifunika eneo kubwa kwa kuba ndogo ndogo zilizosimama bega kwa bega, kila moja ikiegemea jirani yake, na msukumo unaobaki ukabebwa na ukuta mnene wa nje.

Kwa hiyo nyumba ya mama ikawa vyumba vitatu vilivyopangana sambamba, kila kimoja upana mita 3 na urefu mita 5, kila kimoja na kuba yake ndefu. Kuta nne za kubebea: mbili za katikati zinasukumwa pande zote mbili kwa nguvu sawa, hivyo zinatulia, mbili za nje zinasukumwa upande mmoja tu, na hizo ndizo zinazohitaji msaada.

Ni kiasi gani cha msukumo? Hesabu yake si ngumu, na nawasihi muifanye wenyewe kabla ya kumlipa mtu yeyote. Chukua uzito wa paa kwa mita moja ya mraba, zidisha kwa upana wa chumba, zidisha tena kwa upana huohuo, kisha gawanya kwa mara nane ya kimo cha kuba, yaani kimo kutoka inapoanzia ukutani hadi kilele. Paa letu, tofali na lipu pamoja, tulilikadiria kilo 350 kwa mita ya mraba. Kwa upana wa mita 3, kuba iliyoinuka nusu mita tu ingesukuma ukuta kwa karibu kilo 790 katika kila mita ya urefu wake. Ikiinuka mita 1, msukumo unashuka hadi karibu 390. Ikiinuka mita 1.5, unafika 260. Kadiri kuba inavyolala ndivyo inavyotanua. Watu wengi wanapenda kuba iliyolala kwa sababu inaonekana ya kisasa na inakula matofali machache. Sisi tulichagua mita 1, na hata hapo kila ukuta wa nje unasukumwa kwa karibu tani mbili katika urefu wake wa mita 5. Na upana ukiongezeka hali inabadilika haraka: kimo kikibaki kilekile, chumba cha mita 4 kinasukuma karibu mara 1.8 ya chumba cha mita 3. Anayetaka sebule ya mita 6 kwa kuba ya tofali, tafadhali asianze na nyumba anayolala mzazi wake.

Mhandisi aliyesajiliwa ni lazima. Kibali cha ujenzi kilihitaji mahesabu yake, na nashukuru kilihitaji. Alipendekeza mambo mawili tuchague: nondo za kuvuta, zinazopita chumbani kutoka ukuta hadi ukuta na kuuzuia usitanuke, au nguzo za nje za kuegemeza ukuta. Nondo ni nafuu sana. Lakini nondo iliyo wazi mita mia chache kutoka baharini ina umri, na siku inapokatika kwa kutu haitoi taarifa. Tulichagua maegemeo: nguzo za tofali zinazotoka nje ya ukuta, nene chini na zinazopungua kwenda juu, kila mita 1.5. Mama amezigeuza viti. Jioni kivuli kinakaa katikati yake.

Kuhusu vifaa. Wa kale walitumia matumbawe: jiwe gumu la nchi kavu kwa kuta, na tumbawe laini lililotolewa baharini, linalochongeka likiwa bichi, kwa kazi za urembo na matao. Chokaa yao ilichomwa kwa kurundika magogo, matumbawe yakawekwa juu, moto ukawashwa, kisha mawe yaliyoiva yakazimwa kwa maji na kuachwa yatulie. Wapo watu waliotushauri tufanye vivyo hivyo. Nawaomba msifanye. Tumbawe lililo hai likishavunjwa samaki wanaondoka, na mikoko ya kuni haikatwi ovyo bila kibali. Huku kusini tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, tangu mwaka 2000, na sababu za kuwa nayo tunaziona kila tunapotupa nyavu. Chokaa ya dukani inatosha kwa lipu. Saruji inatengenezwa Mtwara.

Matofali tulifyatua wenyewe kwa udongo na saruji, kwa mashine ya kukandamiza kwa mkono. Usinunue udongo kwa kuutazama rangi. Weka udongo nusu chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, jaza maji, tikisa sana, acha hadi kesho yake. Mchanga hukaa chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu. Ukiona mchanga ni kama sehemu saba katika kumi, huo unafaa. Udongo wetu wa kwanza, mwekundu wa kupendeza, ulikuwa na mfinyanzi mwingi na matofali ya majaribio yakapasuka yakikauka. Tukauchanganya na mchanga. Ya ukutani tulitumia saruji sehemu 1 kwa udongo 12, ya kuba 1 kwa 10. Yakitoka kwenye mashine yanakaa kivulini, yanamwagiwa maji wiki nzima, na hayaguswi mpaka mwezi ukaribie kwisha. Hapo subira inahitajika, maana vijana wanaona yamekauka wanataka kujenga.

Sasa fremu, mbao zinazobeba kuba wakati inajengwa. Kuna njia ya kujenga bila fremu kabisa. Misri, kwenye hekalu la Ramesseum karibu na Luxor, kuna maghala ya matofali ya udongo yaliyojengwa hivyo, yenye zaidi ya miaka 3,000: safu za tofali nyembamba zinalazwa kiasi zikiegemea ukuta wa mwisho, na udongo unazishika mpaka safu ikamilike. Mbunifu Hassan Fathy aliirudisha njia hiyo miaka ya 1940 alipojenga kijiji kipya cha Gourna, akiwategemea mafundi wa Kinubi waliokuwa bado wanaijua kazi. Ndiyo hoja: waliokuwa wanaijua. Kwetu hakuna fundi aliyeishika kwa mikono yake, na tofali letu ni zito. Tulikata shauri kutumia fremu.

Umbo la fremu tulilipata kwa mnyororo. Mwaka 1675 mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alichapisha, kwa herufi alizozichanganya kusudi, kanuni kwamba umbo la mnyororo unaoning'inia, likigeuzwa juu chini, ndilo ambalo tao la jiwe litasimama nalo. Tulipigilia misumari miwili ukutani, umbali wa mita 3, tukatundika mnyororo, tukaulegeza mpaka katikati ukashuka mita 1, tukafuata mstari wake kwa chaki kwenye plaiwudi. Fundi wetu mkuu, mzee wa Kilwa aliyewahi kufanya kazi za ukarabati wa magofu kule Kisiwani, alisimama akiutazama mstari ule kwa muda, akasema, "Huu ndio wenyewe." Seremala alitaka kuchora nusu duara kwa kamba kwa kuwa ni rahisi kwake. Nusu duara linasimama pia, lakini linahitaji kuba nene zaidi ili mstari wa nguvu, yaani njia ambayo uzito unapita kwenda chini, ubaki ndani ya tofali. Mnyororo unakupa kuba nyembamba bila kubahatisha.

Fremu yetu ilikuwa na urefu wa mita 1 tu, ya kusogezwa. Inakaa juu ya mirunda, na chini ya kila mrunda kuna jozi ya kabari za mbao ngumu. Hizo kabari msizidharau. Ndizo zinazokuruhusu kuishusha fremu taratibu, sentimita moja moja, pande zote kwa pamoja, badala ya kuigonga kwa nyundo mpaka idondoke.

Kabla ya kugusa nyumba, fundi alidai tujenge tao moja la majaribio uwanjani, upana uleule wa mita 3, lakini kwenda ndani tofali moja tu, kati ya vitako viwili vya tofali. Lilipokauka tukaliwekea mifuko ya mchanga. Kwanza juu ya kilele: lilibeba mifuko mingi kuliko watu walivyotegemea. Kisha akaamuru ipangwe upande mmoja tu. Bega la upande wa pili likainuka, mstari wa tofali ukafunguka, tao likaporomoka. Vijana wote waliokuwepo waliona kwa macho kwamba kuba haiogopi mzigo, inaogopa mzigo usiolingana. Tangu siku hiyo sikuhitaji kumkumbusha mtu kupanda safu kwa safu kutoka pande zote mbili. Ukitaka kuokoa pesa, usiiokoe kwenye tao hilo.

Ujenzi wenyewe ukienda vizuri hauna makeke. Tofali linawekwa kuanzia chini, kushoto na kulia kwa usawa. Kwa kuwa tofali ni la mraba na kuba imepinda, kiungo kinakuwa chembamba ndani na kipana nje; kwenye upana huo wa nje unagongomea vipande vya mawe au vigae, usijaze kwa saruji pekee, kwa sababu saruji hunywea na jiwe halinywei. Safu ya kilele inafungwa mwisho, inagongwa ikae imara. Kisha mabega, pale kuba inapokutana na ukuta, yanajazwa kwa mawe na udongo wa saruji hadi theluthi ya kimo, fremu ikiwa bado ipo. Uzito ule wa mabegani unageuza msukumo uelekee chini zaidi. Kuba isiyojazwa mabega hufunguka hapo.

Milango na madirisha yote makubwa tuliyaweka kwenye kuta fupi za mwisho, ambazo hazisukumwi na kitu. Ukitoboa ukuta wa kubebea dirisha la mita mbili umejiondolea ukuta. Milango ya kupita chumba hadi chumba tuliifanya myembamba na kila mmoja una tao lake.

Sasa nieleze tukio lililotutisha. Mpango wa fundi ulikuwa kuba zote tatu ziende pamoja: mita moja chumba cha kwanza, mita moja cha pili, mita moja cha tatu, kisha kurudi. Ni kazi, fremu inahamishwa kila mara. Katikati ya kazi fundi alifiwa, akaenda msibani Kilwa. Vijana waliobaki, kwa nia njema ya kuharakisha kabla ya mvua, waliisukuma fremu mbele ndani ya chumba cha kwanza peke yake wakakifunga chote. Kuba yake ilikuwa nzuri sana. Lakini ukuta wa katikati, uliopangwa usukumwe pande mbili, sasa ulikuwa unasukumwa upande mmoja, na hauna maegemeo. Fundi aliporudi hakuitazama kuba. Alichukua timazi, uzi wenye kitu kizito wa kupimia wima, akaining'iniza kwenye ukuta ule: juu ulikuwa umetoka kwenye mstari kwa milimita 14.

Hakuna aliyelala vizuri usiku huo. Chumba cha pili kilijazwa mirunda ya kukingama, kutoka ukuta hadi ukuta, ikabanwa kwa kabari mpaka ikalia. Kila asubuhi timazi ilishushwa na namba ikaandikwa mlangoni kwa chaki. Haikuongezeka. Ndipo chumba cha pili kikajengwa, mirunda ikitolewa mmoja mmoja kadiri kuba mpya ilivyopokea kazi. Ukuta ule mpaka leo umeegemea milimita zilezile, na utaegemea hivyo. Kwa anayejenga kuba zaidi ya moja: ama tengeneza fremu mbili, ama andika utaratibu wa zamu ukutani kwa rangi, na timazi ishushwe kila siku na mtu yuleyule.

Jambo la pili la kuogofya ni nyufa. Tuliposhusha fremu ya mwisho, kilele kilikaa kidogo, na ndani ukatokea ufa mwembamba kama uzi, mrefu kufuata kilele. Mama aliuona kabla yangu. Mhandisi alikuja, akapaka vipande vidogo vya plasta kukatiza ufa sehemu kadhaa, akaandika tarehe juu ya kila kimoja, akasema plasta ikikatika mpigieni. Akatueleza kuhusu kuba ya Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Roma, iliyojaa nyufa karne ya 18 mpaka watu wakadhani inaanguka. Mwanahisabati Giovanni Poleni aliichunguza, akaning'iniza mnyororo wenye uzito uliogawanywa kama uzito wa kuba ile, akaonyesha, katika kitabu chake cha 1748, kwamba mstari wa nguvu ungali ndani ya jiwe. Ziliongezwa pete za chuma kuizuia isitanuke, na kuba ipo. Tao la tofali likitanuka kidogo hupasuka chini ya kilele na juu ya mabega, hapo linatafuta mahali pa kutulia. Ufa usiosogea si ugonjwa. Ufa unaopanuka ni wa kukimbia. Plasta zetu hazijakatika.

Kilichotusumbua kweli, na sijakisoma mahali popote kikielezwa kwa uzito wake, ni maji. Kuba tatu sambamba zina mabonde mawili kati yake, na mvua yote ya paa inakimbilia humo. Mvua za Desemba zilipoanza, bonde la kwanza lilijaa kuliko bomba lilivyoweza kutoa, na ukuta wa katikati ukalowa mpaka sakafuni. Bonde lilikuwa na mteremko mdogo sana. Tulilivunja na kulijenga upya: mteremko sentimita 2 kwa kila mita, kona zimeviringwa, mabomba mawili ya inchi 4 kila bonde badala ya moja, na tundu la dharura la kumwaga maji nje endapo majani ya mkorosho yataziba bomba. Juu ya kuba yenyewe tulipiga lipu ya chokaa na mchanga, kwa tabaka nyembamba, kila moja ikikandamizwa na kumwagiwa maji siku kadhaa, kisha chokaa nyeupe juu. Lipu ya saruji tupu ilikuwa ya bei nafuu lakini inapasuka kwenye jua letu, na maji yakishaingia chini yake hayatoki. Chokaa inahitaji kupakwa upya kila mwaka kabla ya mvua. Asiye tayari kwa hilo aezeke bati tu.

Gharama, kwa wanaouliza. Jumla ni shilingi milioni 19.6. Msingi, kuta na maegemeo vilikula milioni 9.8, nusu nzima. Fremu milioni 1.35. Kuba zenyewe, tofali na ufundi, milioni 4.2. Lipu, chokaa, mabonde na marekebisho yake milioni 1.9. Mhandisi na kibali milioni 1.1. Milango na vingine milioni 1.25. Fundi wa bati alikuwa ametuandikia milioni 5.6 kwa paa la kenchi la ukubwa ule, na kuta zake zingekuwa nyembamba na rahisi. Kwa hiyo anayewaambia kuba ni nafuu kuliko bati anawadanganya, angalau kwa nyumba ya kwanza. Tofauti yake ni kwamba pesa nyingi ilibaki Mitwero: kwa wafyatua matofali, saidia fundi na seremala, badala ya kwenda dukani.

Je, kuna baridi ndani? Mchana ndiyo, tofauti ni kubwa na mama hatoki kitandani mwake saa nane. Jioni hapana. Paa zito linaloshika joto la mchana hulitoa usiku, na kwa hewa yetu yenye unyevunyevu chumba kinakuwa kizito mpaka upepo uingie. Tulitoboa matundu juu kabisa ya kuta za mwisho, chini ya kilele, kila upande, yakiwa na wavu wa mbu. Baada ya hapo hewa inazunguka. Ningependa yangekuwa makubwa mara mbili, na mhandisi amekubali kwamba ukuta huo unaruhusu, kwa hiyo tutayapanua baada ya mavuno ya korosho. Mvua sasa mama haisikii kabisa. Anajua imenyesha akitazama mabomba.

Fremu bado ipo, imehifadhiwa bandani kwa mjomba, pamoja na kabari zake. Inafaa chumba cha upana wa mita 3 tu, haikuzwi wala haipunguzwi. Tunaiazima bila malipo kwa yeyote wa Lindi mpaka Mtama, gharama za kuibeba ni zake. Mjomba ameweka sharti moja: unakuja na ramani inayoonyesha unene wa kuta na maegemeo, na fundi wetu aione kabla fremu haijatoka bandani.